Nimekupangia Chumba

Kiwandani walimwita Mama Filimbi, na jina hilo hakulipata kwa kupiga muziki. Filimbi ilikuwa mali ya msimamizi, ya kuwaambia wanawake wa idara ya kufungasha sabuni waanze, waache, wakojoe, warudi. Siku moja msimamizi aliisahau juu ya meza akaenda kunywa chai. Yule mama akaichukua, akapanda juu ya kreti, akaipuliza mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na karibu idara nzima ikatoka nje. Hawakurudi ndani mpaka ukuta wa idara ile isiyo na hewa ulipotobolewa madirisha. Wenye kiwanda walishasahau zamani. Yeye hajasahau, wala hajamsahau hata mmoja wa wale waliobaki ndani siku ile. Akikutana naye sokoni humsalimia vizuri, humuulizia watoto, kisha humuuliza, "Na hewa, inatosha?"

Basi mama huyo, aliyelitoa jengo zima nje kwa pumzi moja, sasa alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda nyumbani kwake, hajui aanze na nini. Kinyozi hajinyoi.

Mdogo wake alikuwa hospitali. Walizaliwa wawili tu, na tangu mume wa mmoja afariki na mume wa mwingine aende dukani asirudi, waliishi pamoja katika nyumba ya vyumba vitatu waliyoachiwa na wazazi wao. Mdogo alikuwa msusi. Kisukari kilianza na kidonda kwenye kidole cha mguu. Kliniki wakampa vidonge vya maumivu na kumwambia arudi. Akirudi, dawa hakuna. Akirudi tena, daktari hayupo. Alipompata daktari, daktari hakutazama tena kidole, alitazama mguu. Waulize leo ni nani aliyechelewa, watakuambia ni mgonjwa.

Wakaukata chini ya goti la kulia.

"Goti wamenibakishia," alimwambia dada yake alipozinduka. "Kwa hiyo kichwa cha mteja nitakibana vilevile."

Ndivyo alivyofanya kazi miaka yote, yeye juu ya kiti, mteja chini kwenye kigoda, kichwa katikati ya magoti. Dada mtu alicheka pale kitandani, akatoka nje ya wodi, akalia kwenye ngazi, akarudi amenawa uso.

Sasa wodi ilitaka kitanda chake. Nesi mkuu alisema mgonjwa ataruhusiwa Ijumaa ya wiki inayofuata. Anarudi wapi? Nyumba ile ilikuwa na ngazi mbele, mlango mwembamba kama kisingizio, na choo mwisho wa korido chenye kizingiti cha kumkwaza hata mwenye miguu miwili. Mwana wa mgonjwa, ambaye tangu utotoni wanamwita Meneja kwa vile alivyokuwa akikaa amekunja nne na kuwatazama wenzake wakicheza, alikuwa karani katika ofisi ya bima na aliishi ghorofa ya juu kabisa, jengo halina lifti. Alikuwa amempatia mama yake nafasi katika nyumba ya kutunzia wasiojiweza, nje ya mji.

"Mama mkubwa, mimi sikatai," alisema, amesimama katikati ya sebule na funguo mkononi. "Nyumba ikiwa tayari, mama anarudi hapa. Isipokuwa tayari, Ijumaa nasaini fomu anakwenda kule. Kiti cha magurudumu hakipiti mlango huu. Utambeba?"

"Nilikubeba wewe."

"Nilikuwa mtoto."

"Ulikuwa mtoto mzito."

Meneja alipumua kama watu wa ofisini wanavyopumua. Akaichukua simu ya mama yake mkubwa, akaibonyezabonyeza, akamrudishia. Alikuwa amemwekea programu moja ya akili mnemba, ile unayoiandikia ikakujibu kama mtu.

"Ofisini kazi kubwa hatuigusi bila hii. Unaieleza unachotaka, inakukatia kazi vipande vipande. Iulize hii, mama mkubwa, usinipigie mimi kila nikiwa kwenye kikao."

Mama Filimbi alilichukua lile neno kikao, akaliweka mahali anapoweka maneno ya namna hiyo.

Alipobaki peke yake alivaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja: *Nataka kupanga nyumba. Nisaidie.*

Jibu lilikuja kabla hajameza mate. *Vizuri! Kabla ya kupanga nyumba, kubaliana na mwenye nyumba kuhusu kodi, muda wa mkataba, na nani atalipa maji na umeme. Je, unatafuta nyumba ya vyumba vingapi?*

Alicheka peke yake mpaka jirani akauliza dirishani kama kuna heri.

"Mpuuzi mkubwa! Mwenye nyumba ni mimi!" aliiambia simu. Akaandika: *Sipangi kama mpangaji. Napanga kama mtu anayepanga vitu vyake. Mdogo wangu amekatwa mguu, anarudi nyumbani, na nyumba haiko sawa.*

*Pole sana, na samahani kwa kutokukuelewa,* ikajibu. *Tuanzie mwisho. Siku atakayofika, ni mambo gani ambayo lazima yawezekane?*

Kwa namna ilivyoomba radhi haraka, kama watu wa mapokezi waliokwisha kufokewa sana, akaipa jina la Karani. Naye akaiandikia kwa kirefu: ngazi, mlango, kizingiti, kitanda kirefu mno, bafu linaloteleza, fundi asiyekuja, roho inayodunda. Vyote pamoja, kama mtu anayemwaga mkoba juu ya meza.

Karani aliupanga ule mwago. Cha kwanza: muulize mdogo wako yeye anataka nini. Cha pili: pima upana wa kiti cha magurudumu kabla mtu yeyote hajagusa ukuta. Cha tatu, mlango. Halafu mteremko wa saruji mbele, maana saruji inahitaji siku za kukauka, kwa hiyo isiachwe mwishoni. Halafu choo. Kitanda kinaweza kungoja, kwa kuwa kukata miguu ya kitanda ni kazi ya asubuhi moja.

Mama Filimbi alivua miwani. Mchezo huu wa kukatakata kazi aliujua. Kiwandani alifunga vifuniko vya makopo ya sabuni ya unga miaka na miaka bila kuiona hata siku moja sabuni ikipikwa. Wa kupika hamjui wa kupima, wa kupima hamjui wa kufunga, na aliyeijua kazi nzima ni yule aliyekaa juu kwenye ofisi ya kioo, ambaye mikono yake haikunuka sabuni. Kazi ikikatwa na mtu mwingine, wewe nawe unakuwa kipande.

Akaandika, akibonyeza kwa nguvu: *Na kazi nzima anaishika nani? Wewe au mimi?*

*Wewe. Mimi nakuonyesha kipande kinachofuata na kwa nini kinafuata. Ukiona hakifai, tunakibadilisha.*

Alisoma mara mbili. Msimamizi hakuwahi kumwambia hivyo. Lakini msimamizi naye, siku ya kwanza, huwa na maneno matamu.

"Tutaonana," aliiambia. Kisha akaandika: *Sawa. Lakini cha kwanza kifute. Huyo namjua tangu yuko tumboni.*

*Nimekifuta. Ningeshauri tukirudishe baadaye, kwa sababu ni vigumu kupatia mahitaji ya chumba bila kumuuliza atakayekitumia.*

*Endelea,* aliandika.

Kazi ikaanza. Alikwenda hospitali na futi ya kushonea, akamkuta mdogo wake amelala kwa dawa, akakipima kiti kwenye korido kutoka ukingo wa tairi hadi ukingo wa tairi. Nesi alimwuliza kama anakishonea nguo. Kumbe kiti kilikuwa kipana kuliko alivyodhani. Angemruhusu fundi avunje ukuta kwa kukisia, wangekuja kuvunja tena.

Fundi mwenyewe mtaa mzima ulimwita Fundi Kesho.

"Fundi, unakuja lini?"

"Kesho, mama."

"Kesho ipi? Maana kesho yako ina wajukuu sasa."

"Mama nawe! Kesho ya kweli."

Karani alikuwa na shauri juu ya watu wa namna hii: usimwambie akutengenezee nyumba, atapotea humo. Mpe kazi moja yenye mwanzo na mwisho unaoonekana, na vifaa vyote viwe hapo hapo, asipate sababu ya kwenda dukani. Mama Filimbi akanunua fremu, misumari, saruji, hata kipande cha penseli cha kuweka sikioni. Akamwendea fundi nyumbani asubuhi.

"Fundi, leo mimi sina nyumba. Nina mlango mmoja tu."

"Mmoja tu?"

"Mmoja. Ukiisha, uende zako."

Aliumaliza kabla ya adhuhuri, akaufungua akaufunga, akaufungua tena, akautazama kama mtu aliyemwona mwanawe akisimama dede. Akauliza mwenyewe, "Na huu mteremko wa mbele, unamngoja nani?"

Kila kipande kilipokwisha, mama alimwandikia Karani: *Tayari.* Neno dogo, lakini lilimfanya alale usingizi. Mteremko ukamwagwa, ukafunikwa magunia yaliyoloweshwa maji. Vyuma vya kushikia vikafungwa kando ya choo. Kizingiti kikavunjwa, milango ya ndani nayo ikapanuliwa. Chumba cha mdogo wake cha zamani, cha mbele, kilikuwa na zulia, meza ya mafuta na vitana, kioo kirefu, na mlango wake wenyewe wa kutokea barabarani. Wateja walipita humo kutwa. Hicho hakifai kwa mgonjwa, alijiambia. Akamwandalia chumba cha nyuma, alimokuwa akilala mama yao, kinachotazama uani. Akashusha kitanda, akatundika pazia zito. Kile kioo kirefu alikibeba mwenyewe, akakificha nyuma ya kabati, uso ukielekea ukutani, ili mdogo wake asijione mzima mzima. Alipomaliza alisimama katikati ya chumba, mikono kiunoni, na hakukuwa na mtu wa kumsifu. Akachukua simu, akamwandikia mdogo wake:

*Mdogo wangu, nimeshakupangia chumba. Ni cha nyuma, kimetulia, hakuna atakayekusumbua. Usiwe na wasiwasi, kila kitu nimeshughulikia mimi.*

Jibu halikuja. Amelala, alidhani.

Kesho yake Meneja alipiga simu. Sauti yake haikuwa ya ofisini.

"Mama mkubwa, mama amekubali kwenda kule."

"Kule wapi?"

"Kwenye ile nyumba. Amesema nilete fomu leo hii, asingoje Ijumaa. Nimemuuliza kuna nini, amesema tu nisikulaumu wewe."

"Mlango umepanuliwa! Mteremko umekauka! Umemwambia?"

"Nimemwambia. Amesema, 'Mwambie asante.'"

Mama Filimbi hakumwuliza Karani kitu. Alifunga kitambaa kichwani akiwa tayari barabarani.

Alimkuta mdogo wake ameelekea ukutani, shuka limefunika mpaka sikio.

"Shikamoo, dada," alisema bila kugeuka.

"Marahaba. Geuka."

"Nimechoka."

"Geuka. Sikuja kuzungumza na mgongo."

Akageuka. Macho yalikuwa yamevimba.

"Meneja anasema unakwenda kule."

"Naenda. Wana manesi. Wana bustani."

"Bustani! Wewe hujawahi kupanda hata kitunguu."

"Nitajifunza. Ni afadhali kuliko kukaa uani kwa watu, nikingoja mwenye nyumba agonge kila mwisho wa mwezi."

"Uani kwa watu gani?"

"Si huko ulikonipangia chumba?" Mdogo alitoa simu chini ya mto, akasoma kwa sauti iliyokuwa inajaribu kutokutetemeka. "'Nimeshakupangia chumba. Ni cha nyuma, kimetulia, hakuna atakayekusumbua.' Sikulaumu, dada. Umeshakuwa mtu mzima, na mimi nimeshakuwa mzigo. Lakini ile nyumba ni ya baba. Ungekuja ukaniambia kwa mdomo. Chumba cha kupanga unaniambia kwa simu?"

Mwanamke aliyewahi kujibizana na mawakili watatu wa kiwanda kwa mpigo, hapa maneno yalimkimbia yote, likabaki moja.

"Kupanga!" alisema. "Kupanga, we mtoto! Kupanga kitanda! Kupanga pazia! Chumba cha nyuma cha kwetu, cha mama! Kodi gani? Nani akupangishe wewe?"

Mdogo mtu alimtazama, akaitazama simu, akasoma tena, midomo ikicheza bila sauti.

"Hata mimi nilielewa kodi," alisema bibi wa kitanda cha pili, aliyevunjika nyonga. "Alinisomea jana. Nikasema, ndugu wa siku hizi!"

"Wewe bibi nyamaza, shughulika na nyonga yako," alisema Mama Filimbi, na hapo hapo akaketi kitandani. "Hata Karani wa kwenye simu alielewa kodi," alisema polepole. "Siku ya kwanza kabisa. Nikamcheka. Nikasema hajui Kiswahili. Kumbe na wewe tuliyenyonya ziwa moja..."

"Mtu akishaogopa jambo, dada, halihitaji maneno mengi."

"Uliogopa nini?"

"Hilo hilo. Kuwa mzigo."

"Ng'ombe haelemewi na nunduye."

"Ng'ombe hana kisukari," alisema mdogo, na wakacheka wote wawili, vicheko vibaya vyenye kamasi ndani yake, wakishikana mikono juu ya shuka pale ambapo mguu ungekuwa.

Ingeishia hapo ingekuwa hadithi ya kuwaambia wageni. Lakini mdogo mtu alipangusa uso kwa pembe ya shuka, akauliza, "Sasa, chumba cha nyuma kwa nini?"

"Kimetulia."

"Nani kakuambia nataka utulivu? Mimi nimekufa?"

"Wewe mgonjwa, unahitaji kupumzika."

"Mimi msusi. Wateja wangu watapita wapi, jikoni kwako? Na kioo kiko wapi?"

Dada mtu alitazama dirishani.

"Kioo kiko wapi, dada?"

"Nyuma ya kabati."

"Nyuma ya kabati!" Mdogo aliegemea mto. Hakupandisha sauti, na ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Lile gunia mlilolitundika getini kiwandani, wakati ule wa mgomo, liliandikwaje?"

Dada mtu alinyoosha mkunjo wa shuka.

"Si mimi niliyekushikia kopo la rangi? Liliandikwaje?"

"Msitupangie," alisema Mama Filimbi.

"Herufi kubwa kama mbuzi. *Msitupangie bila sisi.* Wakubwa wakitoka na magari yao walilisoma watake wasitake. Sasa mimi leo, mguu mmoja tu umepungua, unanipangia kitanda, unanipangia pazia, unanipangia na kutojiona. Hukuniuliza, dada. Hata fundi ulimuuliza anakuja lini."

Kuna watu wanaokuambia ukweli ili wakushinde, na kuna wanaokuambia kwa kuwa wamekuchagua uishi nao. Mama Filimbi alizijua sauti zote mbili, aliitambua hii. Alikaa, mikono mapajani. Angeweza kusema alichoka, alikuwa peke yake, muda ulikuwa mfupi. Yote kweli. Lakini wale wa juu kwenye kioo nao walikuwa wakisema muda ni mfupi.

"Unataka nini?" aliuliza mwishowe.

Ndilo swali lililofutwa mwanzoni kabisa, na kulitamka kulimchukua pumzi nyingi kuliko filimbi.

Mdogo alinyoosha mkono. "Nipe huyo Karani wako nimwone."

Akachukua simu, akaandika kwa vidole vyepesi vya msusi: *Mimi ndiye niliyekatwa mguu. Nataka kubadilisha mpango.*

*Karibu sana. Mpango ni wako kuubadilisha. Siku ya kwanza nyumbani, ni jambo gani ungependa kuweza kulifanya wewe mwenyewe, bila msaada wa mtu?*

Alilisoma kwa sauti. Bibi wa nyonga aliinua kichwa kusikiliza. Mama Filimbi alijizuia kujibu. Alijishika kidevu kabisa, mdomo usifunguke.

"Kujifungia choo," alisema mdogo. Alilisema kwa dada yake, si kwa simu. "Tangu wanilete hapa sijakaa chooni peke yangu. Kila siku mtu amesimama, ananiuliza bado? Wanafanya kwa wema. Nataka mlango nifunge mimi, kwa ndani, na asiingie mtu mpaka niseme."

"Ukianguka?"

"Nitapiga kelele. Kelele ni za ukoo wetu."

"Ukizimia?"

"Dada."

"Haya," alisema Mama Filimbi. "Haya. Andika."

Mdogo aliandika hilo na vingine alivyovitaka; Karani akasema si vyote vitakavyokamilika kabla ya Ijumaa, akauliza vipi ni vya siku ya kwanza na vipi vinaweza kufuata. Wakagombana juu ya hilo kitandani pale, vichwa vimeinamia kioo kidogo cha simu. Chumba cha mbele kwanza, kitanda kihamishwe. Birika lishushwe kwenye meza ya chini. Mteremko wa pili, wa mlango wa wateja, uje baadaye, kwa saruji yake na kesho zake. Karani akapendekeza komeo la choo linaloweza kufunguliwa kwa nje kwa sarafu, likitokea la kutokea. Mdogo alifikiri, akakubali. "Lakini sarafu akae nayo jirani," alisema, "si wewe."

Hapo ndipo Meneja alipoingia na bahasha yake ya plastiki, fomu ndani. Alimkuta mama yake ameketi wima.

"Meneja, kaa chini," alisema. "Kuna kikao."

Mama Filimbi aliinama kutafuta kitu sakafuni ambacho hakikuwapo.

"Mama, asubuhi umesema..."

"Asubuhi nilikuwa mpangaji. Sasa nina nyumba. Wewe kazi yako ni komeo la choo. Ulifunge usawa wa mtu aliyekaa, si usawa wako wewe unavyojinyoosha."

"Mama, mimi sijawahi kushika bisibisi."

"Na mimi sijawahi kukatwa mguu. Sote tunajifunza."

Meneja aliitazama fomu, akamtazama mama yake mkubwa kama anayetafuta mtu mzima wa kumsaidia. Hakupata. Akavua koti la ofisini, akalikunja juu ya magoti, na kwa mara ya kwanza tangu mguu ukatwe alionekana kama mtoto wa mtu. "Komeo," alisema. "Linauzwa wapi?"

"Muulize Karani," alisema Mama Filimbi, "usiniulize mimi nikiwa kwenye kikao."

Ijumaa walimleta. Mteremko ulikubali, mlango ulikubali, ingawa tairi la kulia lilikwangua rangi ya fremu na Fundi Kesho, aliyekuja kushuhudia bila kuitwa, alishika kichwa kana kwamba ngozi iliyokwanguliwa ni yake. Mdogo mtu alikisukuma kiti mwenyewe kwa mikono. Aliingia chumba cha mbele, akatazama kitanda kilichohamishiwa pale, vitana mezani, kigoda. Kioo kilikuwa kimerudishwa ukutani, kimeshushwa kidogo. Alisimamisha kiti mbele yake.

Dada mtu alikuwa mlangoni, hathubutu kupumua.

Alijitazama tangu juu mpaka chini, akafika pale panapokoma, akapatazama. Hakulia. Alishika nywele zake mwenyewe, zilizokuwa zimefumuka hospitalini.

"Hizi nywele ni aibu kwa biashara," alisema. Kisha akageuza kiti. "Nipisheni."

Akaingia korido. Walimfuata wote, Meneja, Fundi Kesho, na Mama Filimbi mbele yao, kama msafara wa bibi harusi, mpaka mlango wa choo. Mdogo mtu alisimamisha kiti, akawatazama mmoja mmoja, mpaka mwanaume wa kwanza akakumbuka kazi barabarani na wa pili akakumbuka simu. Alibaki dada. Naye alitazamwa.

"Vyuma viko upande wa kulia," alisema Mama Filimbi. "Sakafu nimeikausha. Ukitaka..."

Mlango ulifungwa. Komeo lililia. Meneja alikuwa amelifunga kwa skrubu zisizolingana, likawa linakwama katikati, na kwa nje lilisikika likisukumwa mara moja, mara ya pili, kisha likaingia.

Ndani kukawa na sauti ya tairi likigonga ukuta. Kisha mkono juu ya chuma. Kisha kimya kirefu, kimya cha mtu anayepima uzito wake mwenyewe juu ya mguu mmoja. Mama Filimbi aliinua ngumi kugonga. Ikabaki hewani. Mwili wake wote ulikuwa unasukuma ule mlango, isipokuwa mkono. Aliusikia mwili wa ndugu yake ukihama kutoka kitini, ukikosa, ukijaribu tena, na katika maisha yake yote, ya mageti na mawakili na polisi, hakuwahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kusimama pale bila kufanya lolote.

Kitu kizito kikatua salama. Pumzi ndefu ikatoka.

"Dada," ilisema sauti ya ndani, tulivu, yenye enzi, "ondoka mlangoni. Nasikia unavyopumua."

"Sipo," alisema Mama Filimbi, akaondoka kwa ncha za vidole.